Chupa Saba za Maji ya Bomba

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Jambo hili nimelikalia tangu enzi za Ujamaa, tulipokuwa tukiitana "ndugu" hadi kazini. Najua mtanisema. Semeni tu.

Nilikuwa kijana wa maabara. Tulitakiwa kupima visima saba vya Manzese, ijulikane kama maji yake yanafaa kunywa. Kuteka nilipewa mimi. Kusaini fomu ilikuwa kazi ya mkubwa wangu, mtu wa Lindi, ambaye hapa nitamwita Kaka Saidi.

Siku hiyo mchumba wangu alikuwa ananisubiri Kigamboni, nami roho ilikuwa kwenye pantoni. Nikazijaza chupa zote saba kwenye bomba la jirani yangu Temeke, nikazibandika majina ya visima. Kaka Saidi akasaini bila kuniuliza, maana aliniamini.

Ripoti ikapelekwa wizarani: visima ni salama. Wiki chache baadaye mkemia mmoja akazipima tena chupa, akauliza, "Tangu lini visima vya Manzese vikatiwa dawa ya maji ya bomba?"

Tukaitwa kwenye kamati.

"Ndugu Saidi, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na maji uliteka wewe?"

Kaka Saidi akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Nikainama, nikajifanya nasoma karatasi. Mwoga mkubwa mimi!

"Jibu, wewe," mwenyekiti akasema. Undugu ulishakwisha hapo.

"Aliyesaini ni mimi."

Akafukuzwa kazi. Siku zile asiye na kazi mjini alirudishwa kijijini, naye akaondoka na mke na watoto. Ripoti haikufutwa. Ilikwisha kwenda juu, na mtu wa kuadhibiwa alikwisha kupatikana, basi kamati ikafunga jalada.

Nilimsindikiza kituo cha basi, nikaanza kulia. Akanikatiza.

"Mdogo wangu, mie ndo nshaondoka. Wewe nenda kavipime vile visima. Watu wanakunywa."

Sikwenda. Kwenda kulikuwa ni kujitaja. Mvua zilipokuja watu wa Manzese waliharisha, na kila niliposikia msiba wa huko nilijiuliza ni kisima kipi. Cheo cha Kaka Saidi nikapewa mimi.

Wewe uliyedanganya kwenye fomu, ukamwona mwenzio anakutazama mbele ya kamati, usiiname. Jitaje palepale. Mimi nilingoja siku nitakayokuwa na ujasiri, na nilipofika Lindi kumwomba radhi nilioneshwa kaburi.