Jua la Kimara, Mvua ya Upareni

Mie ndiye niliyesoma hali ya hewa ya Kimara tunakoishi nikaitangaza kama ya milima ya Upare, tena kwa uvivu tu, maana kuanza kuandika jina la kijiji cha babu kwenye simu kungeniharibia gemu niliyokuwa nashinda (na mie nashindaga kwa nadra, nionee huruma).

Ishu ilikuwa kaburi la babu. Bibi alitaka lijengewe kabla masika hayajashika, asije akaona udongo wa mumewe unateremka bondeni. Wajomba walijaa sebuleni kwetu wakisema tusubiri mvua ziishe. Mama, mdogo wao na wa kike peke yake, akasema twende Jumamosi.

"We unajuaje mlimani kukoje?" mjomba Eliasi akamkatiza.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, hebu angalia."

Nikashika mwiko kama maikrofoni, nikakaza sauti ya mtangazaji: "Milima ya Upare, jua la kutosha, akina mama ruksa kuvaa visigino!" Wakacheka. Mama akawaambia kaka zake, "Mmesikia? Huyu hakoseagi."

Basi Jumamosi tuko mlimani, zege limeshamwagwa, mchungaji ndo kwanza anafungua kinywa, ukungu huo ukashuka kama umeitwa, halafu mvua, si ya manyunyu, ya ndoo, na turubai hakuna (nani abebe turubai na mtabiri wanaye?), zege bichi likaanza kuteremka na maji kama uji uliomwagika, mke wa mjomba kisigino kimezama hakitoki, na bibi kapiga magoti analizuia zege kwa khanga yake.

"Mtabiri!" mjomba Eliasi akaniita mbele ya kijiji kizima. "Na sasa hivi wanasemaje?"

Ningenyamaza tu. Sijui nani aliniroga, nikatoa simu nijitetee: "Mjomba, imeandikwa jua, soma mwenyewe!"

Akaichukua, akafuta matone, akasoma juu kabisa, kwa sauti, taratibu: "Kimara."

Jamaa mmoja aliyeshika beleshi akaangua kicheko, kikasambaa, hata mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Mjomba hakucheka. Alimtazama mama. "Ndiyo maana tulikwambia." Mama aliinama akamwinua bibi, khanga yote saruji.

Njia nzima ya kurudi mama alitazama nje dirishani. Nilijaribu utani mara mbili, ukafa wenyewe. Siku hizi hata ukiniuliza kama nje kuna jua, natoka kwanza nje nikaangalie, na mwiko nagusa wa kusongea ugali tu.

Tulipofika Kimara ardhi ilikuwa kavu, jua linawaka, vilevile nilivyotabiri. Mama akavua viatu vyake vya matope mlangoni, akasema:

"Sikukuuliza ili uwachekeshe. Nilikuuliza kwa sababu mimi kaka zangu hawanisikilizi."