Nyuzi za Raketi ya Marehemu

Fundi wa kufunga raketi za tenisi pale Mkunazini ana vidole vyenye mistari myeupe, alama za nyuzi alizozivuta miaka na miaka. Kila akishakaza uzi mmoja huudonoa kwa ukucha, akainamisha kichwa kuusikiliza. Sauti ya fundi mwenyewe ni ndogo, mteja hana budi kusogea. Tahiya alisogea siku aliyompelekea raketi ya marehemu baba yake, iliyokatika nyuzi. Alitaka kuichezea mwenyewe, tena kwa nyuzi za utumbo wa ng'ombe, kwani baba alijisifu maisha yake yote kwamba hakuchezea nyingine. Aliposikia bei, machozi yalimlengalenga.

“Basi nifungie hizo rahisi, za nailoni,” alisema. “Baba atanisamehe.”

 Fundi aliigeuza raketi, akalipapasa fundo lililo karibu na mpini, kisha akalifunika kwa kidole gumba.

“Bibie,” alisema, “hizi zilizokatika ni nailoni. Nlizifunga mimi. Baba yako hakununua nyingine kwangu hata siku moja, na aliniomba nisimwambie mtu.”

Tahiya alizigusa zile nyuzi.

“Na alikuwa akishinda nazo?”

“Siku akishinda, siku akishindwa. Lakini kiwanjani hakukosa.”

“Basi nifungie hizo hizo.”

Fundi akachukua mkasi wake, ambao hampi mteja kuushika, akamtilia mkononi azikate mwenyewe zile nyuzi kuukuu.