Jina la mvua katika Novemba kavu

Nilipojifungua binti yangu mwezi wa Novemba, wifi yangu anayekaa Voi mjini alikuja na simu yenye orodha ya majina ya watoto wa mwezi huo. Akasema nyota ya mtoto ni nge, kwa hivyo anahitaji jina kali. Nikamwambia mwanangu si mdudu.

Kwetu Marungu mtoto hupewa jina la kile kilichokuwa kikiendelea nje alipozaliwa. Mimi pia ni wa Novemba, ya mwaka ambao mvua ilikataa, nikapewa jina la njaa. Shuleni walinicheka sana. Bado naliandika kwenye kila fomu, na sijawahi kufikiria kulibadilisha.

Mwaka wa binti yangu mvua ilikataa tena. Mama mkwe alisimama mlangoni, akatazama shamba tulilopanda mapema tukingoja mvua. Hakuna kilichokuwa kimeota. Kisha akanitazama mimi, maana desturi anaijua. Nikamwambia mtoto ataitwa jina la mvua.

"Mwanangu, hakujanyesha hata tone," akasema.

"Najua, mama."

Majirani walilizungumza jambo hilo mpaka wakachoka wenyewe.

Mwaka huu binti yangu ameanza shule. Juzi mwalimu wake alinisimamisha langoni, akaniambia alikuwa amemuuliza kama alizaliwa siku ya mvua. Mtoto alisimama wima mbele ya darasa zima akamjibu, "Hapana, mwalimu. Mvua ilikataa, na mama naye akakataa."