Siku Bibi Alipomlilia Chilewa

Mtu akichoma tairi nyuma ya gereji, hapa Kibaigwa ninapouza chai, wenzangu huziba pua. Mimi huvuta pumzi. Harufu ile kwangu ni sinema.

Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu upande wa Mvumi, walipokuja watu wa filamu ya vita. Moshi wa mabomu ulikuwa wa matairi. Vingine vyote mwongozaji wao, tuliyemwita Dairekta, alivitaka vya kweli. Magwanda mapya aliyatandaza kwenye zizi letu, ng'ombe wakayakanyaga siku tatu. Mabegi ya askari aliyajaza mawe, mpaka kijana mmoja akanong'ona kwamba afadhali angeenda vita yenyewe. Mimi mdomo wazi. Sikujua mtu mzima anaweza kuhangaika hivyo kwa ajili ya mchezo.

Siku ya nne akawataka kina mama walie, kana kwamba wameletewa habari ya kijana aliyefia vitani. Wakakataa. Kwetu hupigi yowe la msiba pasipo msiba; ukipiga, unauita.

"Tukishalia, nani afe?" jirani yetu mama Neema akamuuliza. "Wewe utakuwa umeshapanda gari lako."

Watu wakacheka. Dairekta hakucheka. Alisema bila kilio kile filamu yake haina moyo. Na mimi nilishalitambia darasa zima kwamba bibi yangu ataonekana kwenye sinema.

Ndipo bibi akainuka, akakaza khanga kiunoni.

"Mimi ninaye wa kumlilia," akasema. "Kaka yangu Chilewa alikwenda vitani, hakurudi. Mwili hatukuletewa, barua hatukuletewa. Hatukumlilia kwa sababu tulikuwa tunamsubiri. Haya, washeni."

Nilimjua Chilewa kwa kigoda chake tu, kile cha mlangoni ambacho bibi hakuruhusu mtu akikalie.

Bibi alianza kwa sauti ndogo, akimsimulia kakake ng'ombe waliozaa tangu aondoke, na nani kaolewa wapi. Kisha sauti ikapanda, ikanisimamisha nywele. Kina mama wakamfuata mmoja mmoja, maana sasa msiba ulikuwepo. Vijana wa magwanda wakavua kofia bila kuambiwa.

Dairekta akamgusa mpiga kamera begani. "Zima."

"Bosi, hii ndiyo yenyewe."

"Najua. Zima."

Akakaa chini vumbini, pamoja na waombolezaji. Nikamchukia kweli, maana bibi yangu alikuwa akitolewa kwenye sinema.

Walipotulia, akamsogelea bibi, akamwamkia upya kama mtu aliyeingia msibani, akaomba awarekodi vile walivyokaa tu. Bibi akamkubalia. Kipande hicho ndicho tulichokiona baadaye kwenye kibanda cha video: kina mama mkekani, kimya, macho mekundu, bibi akipooza uji. Wazee kibandani wakavua kofia, na hakuna wa darasa letu aliyenicheka.

Siku hizi najirekodia vifilamu vyangu kwa simu, wateja wakipungua. Nina ndoto ya kuwa dairekta, msinicheke. Zamani nilidhani yule bwana alipoteza kipande chake kizuri kuliko vyote. Lakini nikiwaza namna ya kuupata ukweli kwenye vifilamu vyangu, nakumbuka jioni ya siku ile nilivyorudi nyumbani nimenuna, nikasimama mlangoni. Bibi akakifuta kile kigoda kwa pindo la khanga, akanisogezea.

"Kaa," akasema. "Mwenyewe hatarudi tena."