Nusu ya Jibu la Mama

Admin, nifiche vizuri. Huku kwetu tunajuana mpaka mbuzi wa kila boma, na wajukuu wangu wengi wako kwenye ukurasa huu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, karani mstaafu, naishi karibu na Malaba. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa ya herufi mniachie. Kosa ninalotaka mlisikie ni lingine.

Miaka ya sabini nilikuwa karani kijana kwenye ofisi ya serikali hapa mpakani, ambapo mto ndio mpaka. Kaka yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alitaka kugombea ubunge. Chama wakati huo kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo kura ya mchujo ndiyo ilikuwa uchaguzi wenyewe. Ukishinda pale, umefika bungeni. Lakini kabla jina lako halijawekwa kwenye karatasi ya kura, ilibidi upite mbele ya kamati ya wazee watatu kutoka mkoani, waone kama unastahili. Kadi ya chama kaka alikuwa nayo. Mtihani wa Kiswahili aliupita vizuri, maana alikuwa anakifundisha. Kikabaki kitu kimoja: mtu alikuwa ameandika barua kwamba kaka ni Mganda. Kwa mauaji yaliyokuwa yakiendelea ng'ambo ya mpaka siku hizo, neno hilo halikuwa mzaha.

Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekuwa nacho kijijini kwetu. Kamati ikaamua kumwita mama aseme. Mama alijua Kiteso tu, na wale wazee hawakujua hata salamu ya Kiteso, wakaniambia mimi nitafsiri. Hawakujua kwamba ni mama yangu. Sisi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo majina yetu hayakuonyesha kwamba mimi na kaka ni ndugu. Nilipaswa kusema. Nilinyamaza, nikijidanganya kwamba nikiwa mle ndani nitamsaidia kaka. Mama alipofika mlangoni nilimwambia asiniite mwanangu. Akaniita karani, siku nzima.

Kaka alibaki nje, kama walivyobaki wagombea wote. Mwenyekiti akauliza huyu mtu alizaliwa wapi. Mama akanyoosha mgongo. Kwetu binti aliyeolewa kwa heshima alirudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Kusema kaka, kifungua mimba wake, alizaliwa mahali pengine kungekuwa kusema kwao mama walimkataa. Kwa hiyo alijibu kwa fahari kabisa: "Nilimzaa kwa mama yangu, ng'ambo ya mto. Lakini baba yake alizaliwa hapa, na babu yake amezikwa hapa hapa."

Asubuhi hiyo mwenyekiti mwenyewe alikuwa ametueleza kwamba mtu aliyezaliwa nje anakubalika kama baba yake ni mzaliwa wa hapa. Nusu ya pili ya jibu la mama ndiyo ilikuwa na uzito wote. Mimi nikatafsiri nusu ya kwanza. Nilipovuta pumzi niendelee, mwenyekiti akainua mkono, akasema, "Hiyo inatosha, karani," akaanza kuandika.

Nikanyamaza. Ningebishana, wangeniuliza kwa nini namtetea huyu, na wangejua tumezaliwa tumbo moja, na kazi ingeisha. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Mama aliniangalia, akaona nimefunga mdomo, akadhani nimemaliza. Akawashukuru, akatoka.

Orodha ilipobandikwa ukutani, jina la kaka halikuwepo. Shuleni kwake wanafunzi walianza kumwita Mganda, na walimu wenzake wakacheka nao.

Jumapili iliyofuata alikuja kwa mama, mimi nikiwepo. Akamuuliza kama aliwaambia habari za baba. Mama akasema ndiyo, aliwaambia. Kaka akanigeukia.

"Wewe ulikuwa ndani. Mama alisema maneno hayo ama hakusema?"

Nikasema, "Mama alisahau."

Mama aliniangalia. Kisha akasema polepole, "Basi nilisahau. Kichwa changu kimezeeka." Alikuwa bado mama mwenye nguvu, analima shamba lote peke yake. Mpaka leo sijui kama aliniamini au aliamua kunificha. Sikuwahi kumuuliza.

Kaka hakula tena kwa mama. Alikuwa anapita na baiskeli, anasalimia akiwa barabarani, anaenda zake. Ikawa hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka mama akafa. Kwenye mazishi alisimama nyuma kabisa, na udongo hakutupa. Mimi nilitupa. Nilikuwa naona mkono wangu ukitupa, basi.

Sasa kaka ana miaka themanini na mbili na macho yake yameisha. Mwezi uliopita aliniita kwake. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nimechoka kubeba kitu hiki. Disemba watoto wakija wote, unipeleke kwenye kaburi la mama. Nataka nimsamehe mbele ya watu."

Nikamwambia sawa. Nikamaliza chai yangu, nikaenda nyumbani, nikakamua ng'ombe. Sikulia. Huwa nangojea uchungu uje, lakini haujawahi kuja, na hilo linanitisha kuliko dhambi yenyewe.

Nikimwambia ukweli, atakufa akijua alimkosa mama yake bure, kwa ajili yangu, na sisi tumebaki wawili tu. Nikinyamaza, mama yangu atasamehewa mbele ya ukoo mzima kwa kosa ambalo hakulifanya, na mimi nitakuwa nimesimama pale nimemshika kaka mkono.

Ninyi ni wengi, na hamnijui. Nifanye nini? Nimwambie kabla Disemba haijafika, au nimwache amsamehe mama?