Mama wa Wali na Jumatano Yake

Mama anayepika wali jirani na duka langu hapa Mikumi hufuta mikono kwenye kanga kabla ya kugusa daftari la mwanawe. Madereva wa malori wanaita, yeye anapakua huku akisahihisha hesabu kwa mdomo: “Rudia ya tatu, Debora.” Akiosha mchele huimba sauti ya pili, kwa chini, peke yake, maana kwaya aliiacha tangu alipojifungua kitindamimba.

Jumatano iliyopita wanakwaya walipita wakienda mazoezini, naye akanyamaza katikati ya wimbo. Debora akamnyang'anya upawa. “Mama, nenda. Ugali wa jioni nitasonga mimi, na mtoto nitambeba.”

“Na wateja?”

“Wali si umeshaiva?” nikadakia. “Tutapakua sisi.”

Alisita, akanawa uso, akaondoka mbiombio kama mtu anayeogopa kuitwa arudi. Jioni alirejea sauti imemkauka, macho yanang'aa. Ugali wa Debora ulikuwa na mabuja ya unga. Aliumega, akala taratibu, akaomba aongezewe, kisha akamwuliza mwanawe, “Jumatano ijayo utatupikia nini?”