Mtama Uliopita Goti

Mama mkwe wangu aliteremka kutoka mlimani akiwa na jembe lisilo na mpini, rozari shingoni na kitambaa cha mbegu alichokifunga kiunoni chini ya nguo. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Alitembea na majirani zake kwa miguu hadi Gasenyi, pale mji unapoishia na vilima kuanza, akaulizia nyumba ya mwanawe wa kiume, yule fundi wa magari. Nilipofungua mlango nilimwona mwanamke mrefu, mkavu, miguu imejaa tope jekundu, ananitazama kama mtu anayetazama mvua asiyoiomba.

Hatukuwa tumewahi kuonana. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, Mwislamu kwa baba na babu, na mwanawe alisilimu ili anioe. Habari hiyo ilipomfikia kule mlimani alisema hana mtoto Buyenzi. Hakuja harusini, hakutuma mtu, hakutuma neno. Sasa vita vilimleta mlangoni kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Nilimwambia karibu, nikamchemshia maji ya kuoga. Alioga, akala kidogo, akalala sebuleni kwenye godoro tulilolitandika karibu na ukuta. Alikataa kitanda chetu. Siku zile za mwanzo tuliongea kwa maneno ya lazima tu: chumvi, maji, kuni. Kirundi changu ni cha Buyenzi, nusu yake Kiswahili, na yeye alikuwa akikisikiliza kwa kukunja uso, kama mtu anayechambua maharage yenye mawe. Mume wangu alikuwa akitoka asubuhi kwenda gereji na kurudi kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Mchana kutwa tulibaki wawili katika nyumba ya vyumba viwili, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni.

Mbele ya nyumba yetu, kati ya baraza na barabara, palikuwa na kipande cha ardhi kigumu, kimejaa magugu na vifuniko vya chupa za bia ya Primus. Mimi sikuwahi kukifikiria. Kwetu Buyenzi mbele ya nyumba ni pa kukaa, ni pa kusukana nywele na kusalimia wapita njia; mboga hununuliwa sokoni. Yeye alikitazama kile kipande wiki nzima. Kisha akamwagiza mwanawe mpini wa jembe.

Aliposhika jembe, mgongo wake ulibadilika. Alilima kuanzia alfajiri hadi jua likawa kali, akaokota vifuniko kimoja kimoja, akachanganya majivu ya jikoni na udongo. Kando ya baraza alipanda lengalenga, yaani mchicha. Sehemu yote iliyobaki, kutoka ukutani hadi ukingo wa mfereji, alipanda mbegu zilizokuwa kwenye kile kitambaa. Ulikuwa mtama mwekundu wa mlimani kwao.

Mume wangu aliuona ulipoanza kuchipua, akajikuna kichwa.

"Mama, hapa mujini hawapendi vitu virefu."

"Nani hapendi?"

"Leta."

Leta ndiyo serikali, kwa lugha ya mlimani. Mama yake alicheka kidogo, mara ya kwanza kumsikia akicheka.

"Leta itakula nini?" akauliza, akaendelea kupalilia.

Sheria yenyewe ilikuwa ya zamani. Hata nilipokuwa mdogo watu wa manispaa walikuwa wakipita kukata mahindi ya watu, wakisema yanafuga mbu. Wakati wa vita hakuna aliyetaja mbu tena. Watu wa usalama walitaka kuiona kila nyumba kutoka barabarani, hasa kwetu huku ukingoni, maana wenye silaha walikuwa wakishuka kutoka vilimani na kujificha popote penye majani. Jumamosi moja, kwenye kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, shefu wa mtaa alisimama juu ya tofali akatangaza. Ua wa miti usipite kiuno. Migomba ya mbele ya nyumba ing'olewe. Mimea mingine yote ya mbele isipite goti.

"Goti ya nani, shefu?" mwanamke mmoja akauliza, na watu wakacheka, maana shefu alikuwa mfupi.

"Goti yangu," akajibu, naye akicheka. Lakini baada ya hapo alikata fimbo ya kupimia, na hakuonekana tena bila hiyo fimbo.

Mtama wetu wakati huo ulikuwa umefika kiunoni.

Sasa niseme jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Nilikuwa na mimba. Miaka miwili nyuma niliwahi kubeba mimba, nikaitangaza kwa furaha, shangazi zangu wakaanza kushona vikofia, kisha ikaharibika, na kila aliyenisalimia alikuwa akiniangalia tumbo kwanza. Safari hii nilijiapia kunyamaza mpaka isifichike tena. Mume wangu sikumwambia. Nilifunga kitenge kwa kulegeza, na nilipotapika nilisema ni malaria. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, zikikaangwa ilikuwa ikinifukuza jikoni, na niligundua kwamba mama mkwe ameacha kuzikaanga, lakini nilidhani amezichoka.

Shefu alikuja siku ya kazi, asubuhi, watoto wa mtaa wameshakwenda shule. Alikuwa na vijana wawili wenye mapanga na askari mmoja aliyebaki barabarani. Walikuwa wameanza mwanzo wa barabara, nyumba hadi nyumba. Nilisikia migomba ya jirani ikianguka. Nilipotoka barazani nilimkuta mama mkwe ameshaingia katikati ya mtama wake, ameketi chini. Kilichoonekana ni kitambaa chake cha kichwa tu.

Shefu alisimamisha fimbo yake kando ya shina la kwanza. Mtama ulikuwa umeipita mara mbili.

"Mukecuru, toka," akasema kwa upole, akitumia neno la kumwita mwanamke mzee. "Mi sina ubaya na we. Lakini hii imepita goti."

"Oya," sauti ikatoka ndani ya majani, ikikataa.

"Nimekata ya wengine wote. Nikiacha wako, watasema nini?"

"Waseme."

Askari alianza kusogea. Niliogopa. Nilishuka hadi ukingo wa shamba, nikasema, "Mama, tafadhali toka. Tutapanda kitu kingine."

Hapo akasimama. Alikuwa na majani kwenye mabega. Hakunitazama mimi, alimtazama shefu, akasema kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia:

"Huu si wangu. Huu ni uji wa mukazana wangu. Ana mimba. Atazaa jua la kiangazi likiwa kali, na mzazi asiyekunywa uji wa mtama maziwa yake yanakauka. Nimemwona tangu siku alipokimbia ndagala. Nikapanda. Sasa kata, halafu umwambie mtoto wewe ndiye uliyekata."

Jirani mwenye migomba alikuwa amesimama na mkono mdomoni. Vijana wa mapanga waliangalia viatu vyao. Nilihisi uso unawaka, nikashika kitenge changu pale tumboni kana kwamba nimevuliwa. Mukazana wangu, mke wa mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo. Alikuwa akiniita "wewe", na mbele ya mume wangu alisema "huyo". Na siri niliyodhani nimeificha kwa miezi, yeye alikuwa ameipandia mbegu tangu mwanzo, asubuhi kwa asubuhi, mbele ya macho yangu.

Shefu alivua kofia. Alikuwa na watoto wengi, na mkewe alikuwa jirani mwema.

"Mama," akasema, safari hii si mukecuru, "mi nimesikia. Lakini shida si fimbo yangu. Wakipita wengine usiku wakiona kitu kirefu, wanapiga risasi kwanza. We unalala humu, na huyu mutoto analala humu. Unataka hiyo?"

Mama mkwe aliangalia nyumba, dirisha la chumba chetu lililokuwa nyuma kabisa ya mtama, akaangalia mashina, akawa kama anapima kitu ambacho hajawahi kukipima.

"Nakupa mpaka Jumamosi," shefu akasema, akaondoka na watu wake.

Mume wangu alipata habari njiani. Alipokuwa akishuka kwenye basi, muuza mkaa alimpa hongera, kisha fundi wa baiskeli, kisha mama mmoja asiyemjua. Aliingia nyumbani mikono imejaa grisi, akasimama katikati ya sebule.

"Wananiambia hongera barabara yote," akasema. "Mi nikajibu asante. Nimejibu asante ya nini?"

Nikaanza kulia, na yeye akajua. Hakunigusa kwa sababu ya grisi. Alisimama tu ameninyooshea mikono hewani, anacheka huku machozi yanamtoka, mpaka mama yake akamletea sabuni na beseni akamwambia anawe kwanza.

Jumamosi haikufika. Ijumaa asubuhi nilisikia panga likikata nje, nikatoka. Alikuwa peke yake, anakata mtama wake kutoka barabarani kurudi nyumbani. Hakuwa na hasira. Alikuwa akishika kila shina kwa mkono wa kushoto, analikata chini, analilaza taratibu. Niliingia ndani nikatoa kisu kikubwa cha jikoni, nikaanza upande wa pili.

"We usiiname," akasema.

"Naweza, mama."

"Basi kaa, ukate umekaa."

Nikakaa chini nikakata nimekaa. Masuke yalikuwa bado mabichi, hayajajaza hata punje. Tulipomaliza alichagua mashina manene, akayamenya kwa meno, akanipa moja. Nilikuwa sijui kwamba shina la mtama lina utamu kama wa muwa. Tulikaa barazani tukitafuna na kutema makapi, na watoto wa jirani waliporudi kutoka shule wakaja, akawagawia yote. Siku hiyo ndipo aliponisimulia juu ya nyumba yake. Alinionyesha kwa kidole, juu ya bati la jirani, mlima ulipokuwa, akaniambia mparachichi ulikuwa upande gani na ng'ombe alilala wapi. Alinisimulia pia kwamba yeye mwenyewe alipoteza mimba mbili kabla ya kumpata mwanawe, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote kule, maana wangesema ana mkosi.

"Ndiyo maana sikukuuliza," akasema. "Nilijua unanyamaza kwa nini."

Baada ya hapo tulilima pamoja. Tulipanda maharage mafupi, matembele yanayotambaa, na biringanya chungu. Lengalenga tuliyachuma vichwa kila siku ili yasirefuke. Shefu alipita na fimbo yake, akapima, akaondoka na fungu la mboga kwapani. Nyumba yetu ilionekana yote kutoka barabarani, mlango, dirisha na sisi wawili tumeinama.

Mimi, bila kumwambia mama mkwe, nilituma salamu kwa mama yangu mzazi Buyenzi kupitia mwanamke mmoja muuza vitambaa. Nilimweleza habari ya mtama uliokatwa na ulikuwa wa nini. Mama yangu naye alikuwa na kinyongo chake. Binti yake alikataliwa, na yeye ni mtu wa kukumbuka. Sikujua atafanya nini.

Nilijifungua mtoto wa kike kwenye kituo cha afya, mchana, kwenye joto la kiangazi kama alivyosema. Siku iliyofuata nyumbani, mama mkwe akiwa barazani anapepeta maharage, mama yangu alitokea barabarani. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia kwa sababu mabasi yalikuwa yamezuiwa. Amejitanda khanga, jasho linamtiririka, na kichwani amebeba gunia dogo. Alisimama kwenye ukingo wa mfereji.

"Assalaam aleikum," akasema, kisha akatulia, kama anayejiuliza kama hapo salamu hiyo inapokelewa.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alivuka bustani kwa kurukaruka mistari ya maharage, akafika, akanyoosha mikono yote miwili akalipokea lile gunia kutoka kichwani kwa mama yangu. Alilishika, akalipima uzito, akalisikiliza kwa vidole. Alijua kilichomo kabla ya kulifungua.

"Bamwana," akamwita. Ndivyo wazazi wa mume na wa mke wanavyoitana kwa Kirundi. "Umechoka. Ingia, mtoto ameamka."

Nilikuwa nimelala chumbani, naona yote kupitia dirishani. Waliingia wameshikana mikono. Walinywa chai, wakanikosoa kwa jinsi nilivyomshika mtoto, na jioni mama yangu hakuweza kurudi kwa sababu ya saa ya amri, akalala sebuleni, kwenye godoro lile lile, mgongo kwa mgongo na mwenzake. Niliwasikia wakinong'ona kwa muda mrefu, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kirundi. Uji wa mtama wa lile gunia niliunywa mpaka nikauchukia, na maziwa yalitoka mengi.

Mama mkwe alikaa nasi hadi binti yangu alipoanza kwenda shule. Vita vilipotulia alitaka kwenda kuona kilichobaki cha nyumba, na alipokiona alitaka kubaki. Mwanawe alimjengea chumba kimoja cha tofali, akaweka bati. Tulibishana naye sana, akashinda. Likizo za binti yangu zote ziliishia kule, na kila aliporudi alikuwa amenenepa, ananuka moshi, na Kirundi chake kimekuwa kizuri kuliko changu.

Ile sheria ya goti sikusikia ikifutwa. Shefu alihama, mwingine akaja bila fimbo, na polepole watu wakaacha maharage yapande kwenye miti. Mimi bado nalima mbele ya nyumba. Mama yangu akija kunitembelea huchuma matembele bila kuniuliza, halafu hunituma nimpigie simu bamwana wake kule mlimani, na wakishaanza kuongea natoka nje, maana huwa hawamalizi.